AlCl3 inageuka mvuke kwenye 180°C, AlF3 inasubiri mpaka karibu 1,290. Si zote ni ioniki jamani?

chipukizi_wa_kemia

Wakuu habari zenu, naombeni msaada, leo siku ya tatu niko hapohapo. Tumefundishwa metali ikikutana na isiyo metali, metali inatoa elektroni, mwenzake anapokea, zote zinakuwa ioni, basi bondi ni ioniki, kampaundi ngumu, inayeyuka kwa joto kali na ikishayeyuka inapitisha umeme. Sawa, nimekariri. Sasa nikafungua jedwali la data nilinganishe kloraidi za safu ya tatu, nikakuta viwango hivi vya kuyeyuka, kwa °C:

NaCl 801
MgCl2 714
AlCl3 haifiki hata 200, inageuka mvuke moja kwa moja kwenye 180 hivi
SiCl4 kimiminika kabisa, inaganda kwenye -69

Mimi nilitegemea kinyume chake, maana Mg2+ ina chaji mbili, Al3+ ina tatu, mvuto si ndo ungezidi? Nikasema labda alumini ndo ina matatizo yake, nikaangalia AlF3, nikakuta karibu 1,290. Alumini ileile! Na florini na klorini zote zinapokea elektroni moja moja. Nikamuuliza mwenzangu akasema AlCl3 ni kovalenti, nikamuuliza kwa nini, akasema ndo ilivyo. Jibu la ndo ilivyo silitaki.

Na kuna mahali wameandika kationi (ioni chanya) ina "nguvu ya kupolaraizi". Kupolaraizi ni kufanya nini hasa?

MzeeWaMaabara

Dogo umeuliza vizuri, na kosa si lako, kosa ni la ile hadithi ya kwamba metali akishatoa elektroni mambo yameisha. Hayajaisha.

Chukua anioni, yaani ioni hasi, tuseme Cl-. Usiione kama gololi ngumu. Ni kiini chenye protoni 17 kimezungukwa na wingu la elektroni 18, kwa hiyo zile za nje zimeshikwa kilegevu. Sasa isogezee kationi ndogo yenye chaji kubwa. Kationi inalivuta lile wingu kuja upande wake na papo hapo inakisukuma kiini cha klorini kirudi nyuma, maana chanya na chanya haziivi. Wingu lililokuwa mviringo linavutika linakuwa kama yai, ncha imeelekea kwa kationi. Huko kuharibiwa umbo ndo kupolaraiziwa, hakuna siri nyingine. Ncha ikizidi kuvutika inafika hatua elektroni zinashinda katikati ya viini viwili, vyote viwili vinazivuta, na elektroni zikikaa hivyo sisi tunaita nini? Bondi ya kovalenti. Yaani metali katoa elektroni kwa mkono wa kulia halafu anairudisha kidogokidogo kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo usitafute mpaka kati ya ioniki na kovalenti, ni mteremko tu na kila kampaundi imesimama mahali pake. Hata NaCl yenyewe, ukichukua molekuli yake mojamoja kwenye mvuke, urefu wa bondi ni pikomita 236, na kama elektroni ingehama yote mzimamzima daipoli (kipimo cha jinsi chanya na hasi zilivyotengana) ingekuwa debai 11.3. Ikipimwa inatoka 9.0. Asilimia 79 hivi. Na hiyo ndo chumvi tunayoitolea mfano kila siku!

Turudi kwenye orodha yako. Nusukipenyo cha Na+ ni pikomita 102, Mg2+ ni 72, Al3+ ni 54 hivi. Gawanya chaji kwa nusukipenyo upate jinsi chaji ilivyosongamana. Mg2+ inaishinda Na+ karibu mara tatu, Al3+ inaishinda karibu mara sita. Ndo maana ule mvuto uliousema wewe uko kweli, ila ukishakuwa mkali sana hauishii kuzishikilia ioni mahali pake, unaanza kuzirarua mawingu. Chaji kubwa inafanya kazi mbili, wewe umehesabu moja.

AlCl3 ina vituko vyake nakupa ufurahi. Ikiwa yabisi imejipanga kwa matabaka, kila alumini ina klorini sita pembeni, ukiitazama ungedhani ioniki ya kawaida. Ukiipasha ndani ya chombo kilichofungwa ili isipotee kama mvuke, inayeyuka kwenye 192, na inapoyeyuka ujazo unapanda sana, karibu mara mbili, na umeme unakataa kupita karibu kabisa. Kwa nini? Kwa sababu kilichoko kwenye kile kimiminika si ioni, ni molekuli za Al2Cl6, alumini mbili zimeshikana kwa klorini mbili zilizokaa kama daraja. Molekuli na molekuli zinavutana kinyonge ndo maana inapaa mapema hivyo. Kwa habari hiyohiyo huwezi kupata alumini kwa kupitisha umeme kwenye AlCl3 iliyoyeyuka peke yake, ikabidi watu watumie Al2O3 iliyoyeyushwa ndani ya kriolaiti (madini yenye alumini na florini), njia ya Hall na Héroult ya 1886, ila magnesiamu yenyewe mpaka leo inatolewa kwenye MgCl2 iliyoyeyuka kwa sababu ile bado ina ioni za kutosha. Hapo unaona mteremko kwa macho, MgCl2 bado yuko upande wa huku, AlCl3 keshavuka.

AlF3 namwachia mwingine, mikono imechoka.

binti_elektroni

Napokea kijiti hapo kwa mwalimu.

AlF3 kationi ni ileile, kilichobadilika ni anayevutwa. F- ni ndogo, pikomita 133, elektroni zake ziko karibu na kiini zimebanwa, wingu halina pa kulegea. Cl- ni 181, Br- 196, I- 220. Kadiri anioni inavyokuwa kubwa elektroni za nje zinakuwa mbali na kiini na zimekingwa na tabaka za ndani, kwa hiyo wingu linakuwa laini. Kuna kipimo cha ulaini huo, wanauita polaraizabiliti, kwenye hesabu za Pauling F- ina kama 1 hivi na I- ina kama 7 (kwa angstromu za ujazo). Mara saba! Sasa chukua alumini yenye mvuto mkali kama alivyosema mwalimu, mpe florini, anavuta wingu linagoma, ioni zinabaki kwenye latisi (mpangilio wa ioni) imara inayoenda pande zote, lazima uchome mpaka 1,290 ndo zianze kuachana. Mpe klorini, wingu linakuja.

Anayevuta na anayevutwa, wote wawili wana neno. Wengi wanakariri upande wa kationi tu wanasahau anioni.

Haya yote aliyaweka pamoja Kazimierz Fajans mwaka 1923, mzaliwa wa Warsaw, ndo maana vitabuni zinaitwa kanuni za Fajans. (Huyu ndo yule pia wa sheria ya kuhama kwa elementi zikitoa mionzi ya 1913, waliifikia yeye na Soddy kila mtu kivyake, Nobeli akapata Soddy.) Kationi ndogo, chaji kubwa, anioni kubwa, ukovalenti unaongezeka. Lakini kuna kanuni moja watu wanairuka na mimi ndo naipenda kuliko zote, kwamba haitoshi kujua chaji na ukubwa wa kationi, uliza pia elektroni zake za nje zimepangwaje.

Tazama Ca2+ na Hg2+. Nusukipenyo 100 na 102. Chaji mbili na mbili. Kwa hesabu ya kugawanya zinatoka sawa kabisa, si ndio? Sasa CaCl2 inayeyuka kwenye 772. HgCl2 inayeyuka kwenye 277 hivi na inachemka kama 304! Ukiitia majini sehemu kubwa inabaki HgCl2 nzimanzima, hata umeme haupitishi vizuri. Tofauti iko wapi? Ca2+ ina ganda la nje la elektroni 8 kama agoni. Hg2+ nje ina elektroni 10 za d, na ndani zaidi 14 za f (d na f ni aina za maeneo ambamo elektroni hukaa), na elektroni za d na f ni wakingaji wabovu, zinazuia mvuto wa kiini nusunusu, ule mvuto unapenya. Kwa hiyo anioni iliyosimama nje ya zebaki inahisi kiini kikali zaidi kuliko chaji mbili zilizoandikwa pale juu. Chaji ya kwenye karatasi siyo chaji anayoihisi jirani. Zaidi ya hapo wingu la Hg2+ lenyewe nalo ni laini, kwa hiyo kila mmoja anamharibu mwenzake.

Ndo sababu fedha, shaba, zebaki, risasi hazifuati tabia za sodiamu na kalsiamu hata chaji zikilingana.

Kibatari

Mnazunguka sana jamani. Chukua tofauti ya elektronegativiti (uwezo wa atomu kuvuta elektroni za bondi), ikizidi 1.7 ioniki, ikipungua kovalenti, kwisha habari. Na hiyo ya kushuka kwa kiwango cha kuyeyuka iko kila mahali, ona NaCl 801, KCl 770, RbCl 718, CsCl 645, ukovalenti unapanda unavyoshuka kundi.

binti_elektroni

Kaka Kibatari hapana, hapo umechanganya mambo mawili na yote mawili yatamponza huyu mdogo wetu.

La kwanza hiyo 1.7. Alumini ni 1.61, florini 3.98, tofauti 2.37, sawa imekubali. LiI, lithiamu 0.98 na iodini 2.66, tofauti 1.68, kwa kanuni yako ni kovalenti. HF, haidrojeni 2.20 na florini 3.98, tofauti 1.78, kwa kanuni yako ni ioniki. Sasa LiI ni yabisi inayeyuka kwenye 469 na ikiyeyuka inapitisha umeme, HF inachemka kwenye 19.5, molekuli tupu. Kanuni imewapindua wote wawili! Elektronegativiti ni nzuri kwa kukadiria harakaharaka, ila haijui ukubwa wa ioni wala iko katika hali gani.

La pili ndo baya zaidi. Kutoka NaCl kushuka mpaka CsCl kationi inakuwa KUBWA, chaji ni ileile moja, kwa hiyo nguvu ya kupolaraizi inapungua, ukovalenti unapungua. Kiwango kinashuka kwa sababu ioni zimekaa mbalimbali na enaji ya latisi (enaji inayozishika ioni pamoja) imepungua, hiyo ni ioniki ya kawaida kabisa. Aliyeshuka kwa sababu ya kupolaraizi pale ni LiCl, 610 hivi, wakati kwa udogo wa Li+ angetakiwa awe juu ya NaCl (tena LiCl inayeyuka vizuri kwenye ethanoli, jambo ambalo NaCl inalifanya kwa shida sana). Namba inaweza kushuka kwa sababu mbili tofauti, angalia kwanza kationi inakua au inapungua.

Kibatari

Aisee hiyo ya HF sikuwahi kuifikiria. Nimekubali. Ila LiCl nayo si udogo wa Li+ tu unafanya klorini zigusane zisukumane? Nilisikia hivyo mahali.

binti_elektroni

Hiyo nayo imo, ni hoja halali, Li+ ya 76 katikati ya klorini sita za 181 zinabanana kweli. Kwenye LiCl mambo yote mawili yanachangia, sitakudanganya kwamba ni moja tu.

chipukizi_wa_kemia

Asanteni sana sana, nimeelewa mpaka nimeanza kutafuta mwenyewe, na nikagonga ukuta mwingine. Nimechukua haloidi za fedha, maana dada amesema Ag+ ina elektroni za d. AgF 435, AgCl 455, AgBr 432, AgI 558. I- ndo kubwa kuliko zote, ndo inapolaraizika kuliko zote, AgI ilipaswa iwe ya chini kuliko zote. Imekuwa ya juu!! Af naambiwa haloidi za fedha haziyeyuki. Sasa kama haziyeyuki mbona zina kiwango cha kuyeyuka? Nicheke au nilie.

MzeeWaMaabara

Ucheke. Hiyo ya mwisho ni lugha yetu imekutega. Tuna "kuyeyuka" ya moto na "kuyeyuka" ya majini, neno moja kazi mbili, na watu wanaandika AgCl haiyeyuki bila kusema wapi. Mimi ya majini napenda kusema kumumunyika ili nisimchanganye mtu. AgCl inayeyuka kwenye moto kwa 455, majini haimumunyiki, kama miligramu 2 tu kwa lita. Ni mambo mawili tofauti na sababu zake ni tofauti.

Tuanze na moto. Umeshika kwamba ukovalenti ukipanda kiwango cha kuyeyuka kinashuka. Mimi nilikupa mfano wa AlCl3 na ukaugeuza sheria. Siyo sheria. Fikiria SiCl4 uliyoitaja mwenyewe, -69. Sasa fikiria SiO2, kuazi, juu ya 1,700. Zote bondi zake ni kovalenti tena za silikoni ileile. Tofauti ni kwamba SiCl4 ni molekuli ndogondogo, ukiipasha hukati bondi yoyote unaziachanisha tu molekuli, lakini SiO2 ni mtandao mmoja mkubwa usio na mwanzo wala mwisho, ukitaka iyeyuke lazima ukate bondi zenyewe. Kwa hiyo ukisikia kampaundi ina ukovalenti mwingi, swali linalofuata ni je zinaishia kwenye molekuli au mtandao? AlCl3 na HgCl2 wanaishia kwenye molekuli, wanashuka. AgI haiishii hapo. AgCl na AgBr zimejipanga kama NaCl, kila fedha ina majirani sita. AgI kwenye joto la kawaida kila fedha ina majirani wanne tu, mpangilio unaofanana na wa zinki na salfa, na hiyo minne ni dalili ya bondi zinazochagua mwelekeo, dalili ya ukovalenti. Ni mtandao, haina sababu ya kuanguka chini.

Na AgI ina kioja kingine. Kwenye 147 inabadilika umbo, iodini zinabaki zimejipanga lakini fedha zinaanza kutembeatembea katikati yake kama vile zimeshayeyuka, inapitisha umeme karibu kama kimiminika ikiwa bado yabisi. Hiyo ni moja ya vitu vilivyonifanya nipende hili somo. Kwa hiyo kuchukua ile 558 ukaifanya kipimo cha ukovalenti ni kumwonea, pale kuna mambo manne yanaendelea kwa wakati mmoja.

Ukitaka kipimo kinachosema ukweli zaidi, tumia enaji ya latisi. Unaipata kwa njia mbili, ya majaribio kupitia mzunguko wa Born na Haber (unajumlisha enaji zilizopimwa za kila hatua ya kuunda kampaundi), na ya hesabu ukijifanya ioni ni gololi ngumu zenye chaji tu. Zikikaribiana, kampaundi kweli ni ioniki. Zikipishana, ile ziada ndo ukovalenti uliousahau kwenye hesabu. NaCl zinapishana kidogo sana, asilimia moja mbili. AgI ya majaribio ni kama kilojuli 889 kwa moli, ya hesabu kama 778. Vitabu vinatofautiana kidogo kwenye namba lakini pengo liko palepale, zaidi ya asilimia 10. Na ukiangalia MgI2 pengo ni kubwa vilevile, kwa sababu Mg2+ kakutana na wingu laini la iodini.

binti_elektroni

Niongezee ya majini. AgF inamumunyika vizuri mno, inafika kama kilo 1.8 kwa lita, halafu AgCl ghafla miligramu 2, AgBr chini zaidi, AgI maikrogramu chache tu. Hapo mpangilio wa Fajans unafuatwa vizuri, kwa sababu kila ukovalenti unavyoongezeka latisi inapata uimara wa ziada ambao maji hayawezi kuulipa, maji yanalipia ioni, hayalipii bondi. Ila tena usiifanye sheria. LiF haimumunyiki vizuri, gramu 1.3 tu kwa lita, na LiF ni ioniki hasa, pale ni ioni ndogo mbili zimekumbatiana. Ukiona kitu kigumu kumumunyika usikimbilie kusema kovalenti.

Rangi nazo zinasaidia. AgCl nyeupe, AgBr kama krimu, AgI njano. PbCl2 nyeupe, PbI2 njano kabisa. HgI2 nyekundu, na CaI2 iko nyeupe. Zile rangi zinatokea kwa sababu mwanga unaokuja unatosha kuirusha elektroni kutoka kwa iodini kurudi kwa metali. Kwa kalsiamu elektroni haina hamu ya kurudi, inahitaji mwanga wenye enaji kubwa tusiouona, kwa fedha na zebaki iko tayari njiani.

Kibatari

Na kabonati je? Hapo najua nina uhakika. MgCO3 inaachana chini ya 600, CaCO3 kama 900, BaCO3 mpaka zaidi ya 1,300. Kationi ndogo inavuta wingu la kabonati, bondi moja ya C na O inadhoofika, CO2 inatoka. Lithiamu hivyohivyo, Li2CO3 ukiipasha inaachana kabla Na2CO3 haijatikisika, na LiNO3 inatoa NO2 ya kahawia wakati NaNO3 inaishia naitraiti na oksijeni tu.

MzeeWaMaabara

Safi, mfano mzuri, na mtihani utakupa maksi zote. Ila mimi nina neno dogo. Hiyo ya kuvuta wingu ni picha sahihi lakini nusu ya habari. Nusu nyingine ni kile kinachobaki. MgCO3 ikiachana inabaki MgO, na MgO ina enaji ya latisi kubwa mno kwa sababu Mg2+ na O2- zote ndogo zinakaribiana sana. Bariamu akibaki na BaO faida ni ndogo, hana haraka ya kuachana. Ukihesabu kwa gololi ngumu tu, bila wingu lolote kuharibika, bado unapata mpangilio uleule wa magnesiamu kwanza bariamu mwisho. Wanaosema ni kupolaraizi na wanaosema ni latisi ya oksaidi wote wanatabiri kitu kimoja, ndo maana ugomvi wao hauishi. Mimi nawaambia vijana waandike vyote viwili.

Penye ushahidi usio na mpinzani wa kuvuta wingu ni majini. Tia chumvi ya alumini majini, Al3+ inajizungushia maji sita na inazivuta elektroni za oksijeni mpaka bondi ya O na H inalegea, haidrojeni inatoka. Asidi hiyo inakaribia nguvu ya asidi ya asetiki, pKa (kipimo cha nguvu ya asidi) karibu 5! Na+ ukiitia majini haifanyi lolote, inakaa tu. Ni kwa sababu hiyo ukichukua AlCl3 yenye maji yake sita ukaipasha upate AlCl3 kavu hupati, HCl inapaa unabaki na oksaidi.

chipukizi_wa_kemia

Wakuu mmenifungua. Nimejitungia zoezi nione kama nimeelewa, nisahihisheni.

SnCl2 na SnCl4. Bati lilelile, ila Sn4+ ni ndogo na chaji ni nne, kwa hiyo SnCl4 itakuwa kovalenti zaidi, na kwa sababu ni bati moja na klorini nne zilizoizunguka naona itakuwa molekuli si mtandao, kwa hiyo chini sana. Nikaangalia: SnCl2 247, SnCl4 inaganda kwenye -33 na inachemka 114. Nimepata!! Af nikaenda kwenye risasi, PbCl2 501, PbCl4 kimiminika cha njano. Nimepata tena.

Nikasema basi nimalizie, kationi kali na anioni laini kuliko zote, PbI4 na CuI2. Nimetabiri zitakuwa kovalenti kupindukia, rangi kali, kiwango cha chini. Nimetafuta data zake jedwali zima sijaona. Jedwali langu la zamani au?

binti_elektroni

Hahaha jedwali lako halina tatizo mdogo wangu, hizo hazimo chupani. Changanya Cu2+ na I- majini utaona mashapo meupe ya CuI na kimiminika kimegeuka kahawia, hiyo kahawia ni iodini. Nusu ya iodaidi zimenyang'anywa elektroni kabisa. Ile safari uliyoiona kwenye rangi, elektroni kurushwa na mwanga kutoka kwa iodini kwenda kwa metali, hapa haihitaji mwanga, inaenda yenyewe na hairudi. Pb4+ na iodaidi hivyohivyo, unaishia na PbI2 na iodini. Na hata PbCl4 uliyoisifia haitulii, ukiipasha kidogo inaachia Cl2 inabaki PbCl2.

Kwa hiyo utabiri wako wa mwelekeo ulikuwa sahihi, ila mteremko pale unaisha. Kationi ikilivuta wingu kidogo unapata ioniki yenye doa, ikivuta zaidi unapata bondi ya kovalenti, ikivuta kupita hapo hakuna tena bondi ya kujadili, kuna mtu kaporwa elektroni.

chipukizi_wa_kemia

Kumbe ndo maana kwenye titresheni ya shaba tunatumia iodaidi! Mwaka mzima nimepima ile kahawia bila kujua ni hii hii.

MzeeWaMaabara

Ndo hiyohiyo dogo. Na ile CuI nyeupe chini ya chupa, kaangalie kila shaba ina majirani wangapi.

chipukizi_wa_kemia

Wanne. Kama AgI. Haya nimekwisha.